Mrejesho: niliyeuliza kuhusu Yeremia 29:11

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ndiye niliyewauliza mwezi wa tatu: mume kitandani, zabibu zetu huku Mpunguzi, Dodoma, zimeliwa na ubwiri unga (ule ukungu mweupe kama unga), mkopo wa kikundi unanidai, je, ahadi ya Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani na tumaini, ni ya wengine tu?

Baba watoto sasa anatembea kwa fimbo hadi kwenye mwembe. Deni bado. Zabibu tulivuna kreti nne, mnunuzi akazigeuzageuza, akachukua mbili.

Yule mama aliyeniambia nianzie mstari wa 10, ubarikiwe. Miaka yote nimeutundika ule wa 11 ukutani, kumbe juu yake kuna miaka 70 ya Wayahudi kukaa uhamishoni Babeli! Kwanza nilikasirika, nisiwadanganye. Halafu nikaona hao walioandikiwa barua ile na Yeremia waliambiwa wajenge nyumba na wapande bustani hukohuko uhamishoni. Basi nikachukua mkasi, nikaingia shambani kupogolea. (Habakuki naye, 3:17, anavyotaja mizabibu isiyozaa, utadhani aliishi Dodoma.) Jana machipukizi ya kwanza yamechomoza, mekundu kidogo, yana manyoya kama kifaranga.