Stempu ya senti 50 yenye jahazi, hii zambarau ni ipi?

kirumba_kwetu: Wakuu habari, babu katuachia sanduku la barua, ndani nimekuta stempu za Kenya Uganda Tanganyika za mfalme George wa 6, ile ya senti 50 yenye jahazi ziwani kwetu Viktoria. Ninazo tatu, moja zambarau iliyokoza, nyingine kama inaelekea wekundu, ya tatu imefifia kabisa. Ni toleo tofauti au macho yangu tu?

mzee_wa_stempu: Kwanza usiziangalie kwa taa ya ndani kijana, zile za njano zinadanganya. Kaa kivulini nje saa nne asubuhi hivi, toboa katundu kwenye karatasi nyeusi uone rangi tupu bila ule weupe wa pembeni. Zilianza 1938 zikachapwa tena na tena mpaka 1954 zikaja za malkia, wino haukuwa mmoja. Halafu soma tarehe ya muhuri, hesabu na matundu ya pembeni kwa kila sentimita 2, yalibadilika badilika.

dada_igogo: Hiyo iliyofifia mi naona ni jua, au mtu aliiloweka. Geuza nyuma uone kama wino umevujia karatasi

kirumba_kwetu: Dah kweli bahasha yake ilikaa dirishani miaka! Nipige picha niweke?

mzee_wa_stempu: Weka zote tatu kwenye picha moja, simu inajirekebishia rangi yenyewe. Na usizibandue kwenye bahasha bwana!!