Bunduki ya kwanza ya shabaha za mbali: 6.5 Creedmoor, .308 au .300?

Fundi_wa_Kitale (Tucson, Arizona)

Habari zenu wakubwa. Mimi ni Mkenya, niko hapa Tucson mwaka wa sita, kazi yangu kufunga viyoyozi. Mwezi wa pili mwenzangu wa kazini alinipeleka uwanja wa shabaha wa Ben Avery, kule kaskazini mwa Phoenix, kuangalia mashindano ya Berger Southwest Nationals. Nilikaa nyuma ya mstari kutwa nzima, watu wamelala kifudifudi wanapiga karatasi iliyo yadi 1,000. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nataka kuingia.

Nimeweka kando dola 2,500, bunduki na darubini humo humo. Mke wangu amekubali kiasi hicho, juu ya hapo ni vita. Muuzaji dukani ananisukumia bunduki ya risasi ya .300 Winchester Magnum, anasema ndiyo inayofika. Mwenzangu anasema ya risasi ya 6.5 Creedmoor. Kuna mwingine ameniambia .308 ni ya wazee. Sijawahi kumiliki bunduki maishani. Green card ninayo. Nichukue ipi?

Mzee_Mazigazi (Glendale, Arizona)

Mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja. Huyo muuzaji nadhani ni ndugu wa yule aliyeniuzia mimi mwaka 2013. Nilitoka dukani na .300 nyepesi ya kuwindia na darubini ya kuwindia juu yake, nikaenda nayo yadi 1,000 na kiburi cha mtu aliyelipa taslimu. Nikazungusha kitasa cha darubini kupandisha, nikazungusha, kikagota. Mwisho. Na risasi bado inachimba vumbi mbele ya tuta. Kumbe chini ya darubini ilitakiwa reli iliyoinamishwa dakika 20 (za pembe, si za saa), ndiyo inayokupa nafasi ya kupanda. Nani aliniambia? Hakuna.

Nikaazima reli ya mtu, basi likaja la pili: mtutu mwembamba kama fimbo ya kuchungia. Ikifika risasi ya nane umewaka, na matundu yanahama karatasini kama siafu. Mashindano yenyewe ni mizunguko mitatu ya risasi 20, ukiacha za kujaribia. Bega langu lilikuwa zambarau mpaka Jumatano, na F-Class, mashindano ya kupiga umelala huku bunduki imeegemezwa, hairuhusu kufunga breki mdomoni mwa mtutu ili kupunguza teke.

Kwa hiyo habari ya "inayofika" muachie muuzaji. Zote tatu zinafika. Wewe jiulize unaingia mashindano gani, maana sheria ndizo zinazokuchagulia bunduki. Wale uliowaona wameegemeza bunduki, wengi wao ni F-Class, na F-Class ina milango miwili. F-TR ni .308 Winchester au .223 Remington, basi, hakuna ya tatu. Unapiga kwa miguu miwili ya mbele na kifuko cha mchanga chini ya kitako, na bunduki pamoja na darubini na hiyo miguu isizidi kilo 8.25. F-Open ni kilo 10, risasi karibu yoyote uitakayo, na mbele wanaruhusiwa kiegemeo kizito cha chuma kama meza ya fundi cherehani. Mwenzako hajakosea, 6.5 Creedmoor ni risasi tamu, lakini ukija nayo kwetu unapelekwa F-Open, ulingo mmoja na mabwana wenye 7mm za kuchongesha, mtutu mnene kama mchi. Utakuwa wa mwisho huku una bunduki nzuri.

Mimi ningekuweka kwenye .308. Ni kweli ni ya wazee. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata kutoka pembeni unaisogeza risasi yake yenye uzito wa greni 175 zaidi ya mita mbili kwa yadi 1,000. Ya 6.5 inasogea kidogo zaidi ya mita moja na nusu. Na duara la alama 10 lina upana wa inchi 10 tu! Lakini mtutu wa .308 unakula risasi 5,000 na zaidi kabla haujachoka, wa 6.5 unaanza kulegea kwenye 2,000 au 3,000, wa .300 mapema kuliko hapo. Wewe kwa sasa unanunua mazoezi, na risasi za mashindano za dukani ni kama dola mbili moja. Piga hesabu mara 60.

Sasa kubwa kuliko yote. Usinunue kitu kabla hujavuta shabaha, yaani kuzipandisha na kuzishusha wenzako wakipiga. Njoo Jumamosi moja, waambie wewe ni mgeni, watakushusha shimoni nyuma ya tuta. Kule kazi yenu ni fremu ya mbao inayopanda na kushuka kwa mnyororo. Risasi inapita juu ya kichwa, pwaa! kama mjeledi, unaishusha fremu, unatafuta tundu lisilozidi ncha ya kidole kidogo, unachomeka kisahani mahali pale, unapandisha. Aliye kule mbali anaona kwa darubini alipopiga. Fanya hivyo saa tatu na utajua mengi kuliko YouTube nzima. Utamuona mwenye bunduki ya dola 6,000 matundu yake yametapakaa kushoto kulia kwa sababu hajui kusoma upepo, na mama mmoja mwenye bunduki ya Savage iliyochubuka rangi anayaweka yote kwenye sahani ya chai. Halafu mkipanda juu, huyo mama muulize anauza lini.

Mtani_Leicester

Mzee kasema kweli, na huku Uingereza kwa bahati nzuri sheria inakulazimisha. Hakuna kibali bila klabu kwanza, na muda wa majaribio klabuni si chini ya miezi mitatu. Mimi nilipiga bunduki za klabu karibu mwaka mzima kabla ya kununua yangu. Bisley, uwanja wetu mkubwa wa shabaha, nilikwenda mara ya kwanza na ya kuazima. Nilichokuwa nakitaka mwezi wa kwanza na nilichonunua mwishoni havifanani hata kidogo.

MamaNeema_Houston

Natofautiana na Mzee kidogo. Fundi, wewe ni kijana, una magoti. Kabla hujajifunga na kulala kifudifudi nenda kaone PRS, mashindano mengine ya bunduki. Pale shabaha ni vyuma, unapiga ukiwa umeegemea paa la mbao, tairi, ngazi, una dakika moja na nusu hivi na risasi 10. Huko 6.5 Creedmoor ni bunduki halali ya kuanzia, na magazini ni lazima, hizi za kutia moja moja za F-Class hazikufai. Mimi nilianza na .22, ile risasi ndogo ya bei rahisi, kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga na hela ya nepi. Yadi 100 na .22 upepo unakuonyesha aibu zako zote, kwa senti.

Mzee_Mazigazi

Mama Neema hapo umenipiga, magoti yangu ndiyo yaliyonichagulia F-Class.

Fundi_wa_Kitale

Asanteni sana. Nimefikiri, moyo wangu uko kwenye karatasi na upepo, PRS tutaonana baadaye. Nikipata Savage ya mkononi ya .308, nikague nini? Na darubini nimwage pesa ngapi?

Mzee_Mazigazi

Uliza imepigwa risasi ngapi, na akijibu "si nyingi" omba daftari lake, maana mshindani yeyote anaandika. Uzuri wa Savage ni kwamba mtutu umebanwa kwa nati, ukichoka unabadilishwa bila kupeleka kwa fundi wa mashine, ukiwa na spana yake na vipimo.

Darubini ipe hela sawa na bunduki. Iwe na reli ya dakika 20 chini yake, tafadhali. Ukiipata ijaribu hivi: tundika karatasi ndefu yadi 100, chora mstari kwa timazi. Piga tatu chini, zungusha dakika 20 juu, piga tatu tena ukilenga pale pale pa chini. Pima kwa futi kamba. Iwe inchi 20.9, matundu yakifuata mstari. Ikitoka 19 au ikapinda pembeni, irudishe siku hiyo hiyo ukiwa bado na risiti.

Na dukani wakikupa ile fomu ya serikali ya kununulia bunduki, 4473, weka green card karibu, wanataka namba yake.

Fundi_wa_Kitale

Jumamosi hii nakuja shimoni. Nibebe nini?

Mzee_Mazigazi

Maji galoni nzima, kofia pana, miwani, vizibo vya masikio. Uwe umefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ikifika saa nne mazigazi yanachemka hakuna anayeona kitu. Mimi niko na pikapu nyeupe yenye kibandiko cha Coastal Union. Chai ya tangawizi ninayo.