Msimamizi kachapisha tasnifu yangu kwenye jarida uchwara, mimi kaniweka mwandishi wa tatu

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo. Sampuli nilichota mwenyewe alfajiri, nikapanda bodaboda na kasha la barafu mapajani ili zifike maabara kabla hazijaharibika. Hela ya vipimo nilitoa mfukoni. Juzi mwenzangu kanitumia linki: kazi imeshatoka jaridani. Mwandishi wa kwanza ni msimamizi. Wa pili ni mtu nisiyemjua kabisa, maabara hajakanyaga. Wa tatu ndiyo mimi, tena jina wamelikosea herufi.

Nikafungua jedwali la bakteria. Safu zimehama, majibu ya kisima kimoja yanasomeka chini ya kingine, na vizio vya kipimo havipo. Mtu akilitumia jedwali lile atawaambia watu kisima kichafu ni salama! Kati ya tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa hata wiki haikupita. Mhakiki gani aliisoma? Hakuna.

Nilipomuuliza msimamizi, jibu lake: "Si nimekuweka? Wengine hata hawawekwi." Kana kwamba kanipa zawadi. Vigezo vya ICMJE, ile kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, viko wazi: mwandishi ni aliyechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti au kupata au kuchambua data, akashiriki kuandika au kuhakiki andiko, akaidhinisha nakala ya mwisho na akakubali kuwajibika nayo. Vyote vinne kwa pamoja. Usimamizi mtupu unashukuriwa mwishoni mwa makala, basi. Mimi nakala ya mwisho sikuonyeshwa, sasa nimeidhinisha nini?

Nikawaandikia jarida waiondoe. Wakanijibu nilipe kwanza ada ya kuondoa. Yaani walichukua hela kuichapisha na wanataka nyingine kuitoa. Na ikiendelea kukaa pale, majarida makini hayaipokei, maana yanataka kazi ambayo haijachapishwa kwingine. Hapa ndipo panaponiuma kuliko suala la jina. Kazi imeunguzwa.

Mchezo huu unajulikana siku nyingi. Mwaka 2013 John Bohannon wa jarida la Science alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. OMICS, kampuni ya India inayochapisha majarida, ilishtakiwa Marekani na tume ya biashara, FTC, kwa kudanganya kuhusu uhakiki, kuficha ada na kuwagomea waandishi waliotaka kuondoa kazi zao, na mwaka 2019 mahakama ikaamuru ilipe zaidi ya dola milioni 50. Hata wakubwa hawajasalimika: mwaka 2023 Hindawi, kampuni ya majarida iliyokuwa chini ya mchapishaji mkubwa Wiley, ilifuta makala zaidi ya 8,000.

Lakini majarida haya yanalishwa na sisi wenyewe. Kamati ya kupandisha vyeo inahesabu makala, haisomi. Mhadhiri akitaka uhadhiri mwandamizi anatafuta idadi, na tasnifu za wanafunzi ndizo zilizo karibu. Anampa rafiki nafasi ya pili, kesho rafiki anamrudishia kwenye makala yake. Kamati ingefungua hata makala moja tu na kumwita mhusika aeleze jedwali lake mwenyewe, wengi wangekwama mlangoni.

Mkuu wa idara kaniambia nisubiri kwanza nihitimu. Nahitimu vipi wakati saini ya mwisho iko mikononi mwa huyo huyo ninayemlalamikia? COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ina miongozo ya migogoro ya uandishi, ila inawabana wanachama wake, na jarida hili si mwanachama. Limebaki chuo.

Aliyewahi kufikisha kesi ya aina hii kurugenzi ya uzamili au Seneti, naomba aniambie alianzia ofisi gani na barua aliiandika vipi. Data ghafi ninazo, daftari la maabara ninalo, risiti za vipimo zina jina langu. Nataka makala ile iondolewe, nibadilishiwe msimamizi, na huyo mwandishi wa pili aitwe aeleze alifanya nini.