Umerudi ulikozaliwa, ukaenda uwanjani, uzalendo ukakupanda: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Najua humu tuko wengi tunaoishi nje na kurudi kwa likizo. Tusimuliane ile siku ya uwanjani. Naanza mimi.

Mzaliwa wa Temeke, maisha yangu Muscat. Machi 2019 nilikuja Dar kwa harusi ya binamu yangu, mpira hata sikuwa naufuatilia. Jumapili ya tarehe 24 mjomba akasema twende uwanja wa Taifa, Taifa Stars yetu na Uganda. Tukashuka Uhasibu, nikanunua jezi kwa machinga, tukaingia mzunguko, majukwaa ya bei nafuu. Hesabu zilikuwa ngumu: Uganda wameshafuzu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika), sisi lazima tushinde, na Lesotho asishinde kule Cape Verde. Msuva akafunga. Kipindi cha pili Nyoni kwa penalti, halafu Aggrey Morris, 3-0. Uwanja unawaka, lakini mzee mmoja pembeni yangu hashangilii. Sikio moja kaliziba kwa kiganja, jingine kalibana na redio ya betri. Kila saa watu wanamuuliza, "Mzee, huko vipi?" Anakunja vidole kuonyesha sifuri mbili. Kule ulipoisha 0-0 akakaa chini akalia kama mtoto. Mara ya mwisho Stars kwenda ilikuwa 1980, Nigeria, yeye akiwa kijana. Nami nikalia, sijui hata kwa nini. Jezi ilichuja, shingo ikawa kijani mpaka harusini.

— Mkuu, mimi nimezaliwa Bukoba, nimekulia Kampala. Siku hiyo nilikaa na mashabiki wa Cranes, timu ya Uganda. Bao la pili nikasimama bila kujijua, wenzangu wakanigeukia wote. Nikasingizia mguu umekufa ganzi.

— Sasa wadau. Mimi wa Kayole, naishi Minnesota. Agosti 2025 nilirudi kumzika nyanya, mashindano ya soka ya CHAN yakanipata huko. Tarehe 10 tukaenda Kasarani, Harambee Stars na Morocco. Wimbo wa taifa sikuwa nimeuimba tangu shule ya msingi, nikadhani nitakwama. Wapi! Maneno yalikuja yenyewe hadi "natukae na undugu", sauti ikakatika hapo. Ogam akatufungia, tukapata kadi nyekundu kabla ya mapumziko, kipindi kizima cha pili wachezaji kumi wanazuia. Mama muuza njugu aliacha biashara, kashika karai kichwani, anawapangia mabeki. Kilichonigusa ni kwamba CHAN ni ya wanaocheza ligi ya nyumbani. Hakuna wa kuja na ndege kutoka Ulaya kutuokoa. Hao vijana ungewakuta kwa matatu. 1-0 mpaka mwisho.

— Pemba, Gombani, Januari 2025. Zanzibar Heroes wanawafunga Burkina Faso 2-1, Kombe la Mapinduzi linabaki nyumbani. Nilitoka London na baridi yake. Msiniulize "taifa gani", hiyo mada mtaifungua wenyewe.

— Nyie wote mnasimulia ushindi. Mimi nilitua kutoka Toronto, nikaenda kwa Mkapa kwenye robo fainali ya CHAN hiyohiyo, Morocco wakatutoa 1-0. Nikanuna njia nzima mpaka Mbagala, wifi akanipakulia wali nikaukataa. Kama kununa nako ni uzalendo, niandikeni.