Naomba ushauri: kuhesabu ndege porini, Kigoma

Habari zenu wakuu. Huku Kigoma vijijini tunafuatilia ndege kwenye kipande cha msitu wa miombo kilichobaki katikati ya mashamba ya michikichi, kimekuwa kama kisiwa. Alfajiri tunasimama dakika 10 kila kituo, vituo vimeachana mita 200, tunaandika tunaowaona na tunaowasikia. Shida ni kwamba kiangazi majani yakipukutika hondohondo unamwona kweupe, ila masika ni sauti tu, basi namba inashuka na mimi siamini kama kweli wamepungua. Tumejaribu kusimama watu wawili wawili, bado. Je, tuandike na umbali wa kila ndege kutoka tuliposimama, au tulinganishe masika kwa masika tu? Na mininga inayokatwa kwa mkaa tuirekodi vipi pale kituoni? Inaniuma sana jamani, nisaidieni.