Wafugaji wa maziwa, kiwanda kimewahi kukuumiza wapi? Tupeane uzoefu

Ndama Jike
Wakuu, leo nimepokea karatasi ya malipo ya mwezi na bei ya lita imeshuka tena. Sikuitwa kikaoni, sikuletewa barua, nimeikuta tu imeandikwa. Pumba haijashuka, mashudu hayajashuka, dawa ya kupe haijashuka, na kijana anayekamua anastahili mshahara wake uleule. Ukiuliza unaambiwa mvua zimenyesha, maziwa yamekuwa mengi. Sawa. Mbona kiangazi maziwa yakiadimika bei haipandi kwa mbio zilezile? Nina uchungu kwelikweli. Tuongee wenyewe: wapi palikuuma zaidi, na ulifanya nini?

Mtindi Mzito
Pole mkuu. Huku pia wameshusha, mwezi huuhuu.

Kata Majani
Mimi bei ya kutangazwa nilishaacha kuiangalia, naangalia makato. Kuna kato la usafiri, la kupoza, la ushirika, la chakula ulichochukua kwa mkopo, halafu chini kabisa kuna kato lisilo na jina. Ukimuuliza karani anasema "hilo linatoka juu". Na fedha yenyewe inakuja mwezi umeshapita. Kwa hiyo mfugaji anakikopesha kiwanda maziwa bila riba, kisha anakwenda kukopa chakula cha ng'ombe kwa riba. Ng'ombe hasubiri mwisho wa mwezi ndipo ale.

Zizi la Juu
Sisi wanatuibia kwenye mzani. Nikipeleka kilo 100 karani anaandika lita 97. Kila siku lita 3 zinapotea mchana kweupe, na tumenyamaza!

Fundi Majokofu
Ndugu Zizi, hapo hujaibiwa. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Kilo 100 ni lita 97 hivi. Amegawanya sawasawa.

Zizi la Juu
Wewe umetumwa na kiwanda?

Fundi Majokofu
Nimefunga matangi ya kupozea miaka mingi na sijatumwa na mtu. Ukienda kugombana nao kwa hesabu isiyo sahihi watakushinda mbele ya wenzako, na siku ukiwa na haki hakuna atakayekusikiliza. Angalia kama mzani unaanzia sifuri. Angalia kama uzito wa keni tupu umetolewa sawasawa. Wanaotumia jagi, angalia kama wanalijaza mpaka linafurika. Huko ndiko maziwa yanakopotelea.

Zizi la Juu
Basi ungesema hivyo tangu mwanzo, si kunirukia.

Mtindi Mzito
Jamani, wote tunakamuliwa. Tusianze kupigana teke.

Mama Mapacha
Nimeona neno makato nikashindwa kunyamaza. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Njia yetu gari la maziwa lilikuwa linapita kabla hakujapambazuka. Unamimina kwenye keni, dereva anaandika lita zako daftarini, anaondoka. Vipimo vyote vinafanyika kiwandani. Ukaingia msimu ambao karatasi zilikuwa zinarudi na maneno yaleyale: maziwa mepesi, yameongezwa maji. Na kwa kuwa maziwa yetu yanachanganywa, adhabu ikawa ya njia nzima. Wote tukashushiwa bei.

Hapo ndipo tulipoanza kuangaliana kwa macho mabaya. Shoga yangu tuliyekuwa tukikata majani pamoja akaacha kuniitikia salamu, kwa sababu nina kisima uani na ng'ombe wangu walikuwa wanatoa maziwa mengi kuliko wake. Kwenye kikao mzee mmoja akasimama akasema, "Mwenye kisima ajitokeze mwenyewe." Watu wote wakageuka kunitazama. Wanangu walikuwa pale. Sijawahi kutia hata tone la maji kwenye maziwa ya kuuza, na nilitoka kwenye kile kikao nikitembea kama mwizi.

Aliyetuokoa ni kijana aliyesomea mifugo. Alikuja na laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wa lita moja, akasema kila keni ipimwe mbele ya wote kabla haijapanda garini, na kila mmoja aandike chake. Tukapima. Yote yalikuwa kati ya 1.028 na 1.031, maziwa safi. Karatasi ya siku hiyo ikarudi: yana maji.

Vijana wetu wakatangulia na pikipiki kulekule linakoelekea gari, wakajificha karibu na daraja. Gari lilipofika likasimama. Gari jingine lilikuwa linasubiri, taa zimezimwa. Keni zikaanza kuhamishwa, na ndoo zikashushwa mtoni kujazia zilizobaki. Maji ya mto, wakuu! Maji yanayokanyagwa na mifugo ndiyo yalikuwa yanaingia kwenye maziwa ya watoto wa watu. Kijana mmoja akawasha tochi na kupiga ukelele. Dereva akakimbia, mlango wazi, injini inanguruma.

Wameamka hawa, nitarudi.

Kata Majani
Mama Mapacha usituache darajani! Walimkamata?

Sileji
Mimi nilitaka kuuliza, kiwanda kikisema maziwa yamekataliwa kwa kipimo cha spiriti (wanachanganya na maziwa kuona kama yataganda) wakati yamekamuliwa asubuhi hiyohiyo, kosa ni la nani?

Zizi la Juu
Dereva kama huyo asipelekwe popote, wananjia wamalizane naye.

Mzee wa Malisho
Hapana mwanangu. Ukimpiga, kesi inakuwa yako, na waliomnunulia maziwa wanabaki salama. Mkabidhi polisi pamoja na daftari lake.

Kata Majani
Mama Mapacha??

Mzee wa Malisho
Wakati tunamsubiri mama, niwaambie jambo. Mwaka 1946 wafugaji wa wilaya ya Kaira, ambayo leo iko jimbo la Gujarat huko India, walikuwa na hali yetu hii. Mnunuzi mmoja tu ndiye alikuwa na haki ya kununua maziwa yao na kuyapeleka Bombay, naye ndiye anayepanga bei. Waligoma, wakakataa kumuuzia. Wakaunda ushirika wao chini ya Tribhuvandas Patel, na baadaye akaja mhandisi Verghese Kurien akawasaidia kusimamisha kiwanda chao wenyewe pale Anand. Ndiyo Amul, ushirika mkubwa wa maziwa mnaousikia leo. Jambo ninalolipenda ni kwamba maziwa yalipimwa kijijini, mbele ya mwenyewe, na malipo yakafuata mafuta yaliyomo. Mfugaji alijua anachouza kabla hakijaondoka.

Ndama Jike
Mzee, huku tulikuwa na ushirika. Viongozi waliula. Neno ushirika ukilitaja kwa mama yangu anainuka anaondoka.

Mzee wa Malisho
Najua. Na kilichowaumiza ni vitabu kufungiwa ofisini. Vitabu vikisomwa hadharani kila mwezi, ni vigumu mtu kuula.

Pumba na Mashudu
Mzee, hata Ulaya wenye kila kitu wanalia. Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa uzalishaji mwaka 1984, wakauondoa 2015, na baada ya hapo bei ziliporomoka. Mwaka 2012 wafugaji walifika Brussels wakamwagia maziwa jengo la Bunge la Ulaya. Ng'ombe wakubwa, mashine, ruzuku, na bado wanalia. Dawa ni moja: punguza ng'ombe, baki na wale wanaolipa chakula chao.

Kata Majani
Mimi nasema ongeza. Gharama ya kumwita daktari ni ileile.

Pumba na Mashudu
Na chakula je? Chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama. Ukiongeza ng'ombe kwa bei hii unaongeza hasara.

Sileji
Wakuu swali langu la spiriti.

Fundi Majokofu
Sileji, spiriti haigandishi maziwa yaliyochacha tu. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi yanaganda, na ya mwenye ugonjwa wa kiwele yanaweza kuganda hata kama yametoka kukamuliwa. Pima kila chuchu peke yake kwanza. Na kama ulimchoma antibaiotiki, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa, usimsikilize anayekwambia mbili zinatosha. Ukishajiridhisha kwamba yako ni mazima, hapo ndipo umwambie karani arudie kipimo mbele yako.

Mtindi Mzito
Mimi niliachana nao. Nauza mtindi mwenyewe mtaani, fedha mkononi kila jioni.

Daktari wa Ng'ombe
Mtindi Mzito, unachemsha kwanza? Ugonjwa wa kutupa mimba na kifua kikuu vinapita kwenye maziwa mabichi. Nimeona familia nzima wakiugua.

Mtindi Mzito
Nachemsha, napoza, ndipo natia kimea cha kugandisha mtindi. Chombo pia nakichemsha. Sina nia ya kuua wateja wangu.

Ndama Jike
Mtaani ni sawa kwa mwenye lita kumi. Mwenye lita mia atauzia nani kabla hayajaharibika? Wakati maharagwe unaweza kuyafungia ghalani ukasubiri bei, maziwa yakishatoka kwenye kiwele yameshaanza safari ya kuchacha. Mnunuzi analijua hilo, ndiyo maana hana haraka ya kuzungumza nawe.

Mama Mapacha
Nimerudi. Dereva alikamatwa asubuhi. Wenye lile gari jingine hawakupatikana.

Tukaenda kiwandani kudai tulichokatwa. Tulikaribishwa vizuri, tukakalishwa, kisha tukasomewa mkataba: maziwa ni mali ya mfugaji mpaka yapimwe getini na kupokewa. Na gari si la kiwanda, ni la mkandarasi. Kwa hiyo walioibiwa ni sisi, na walioadhibiwa kwa wizi huo ni sisi. Ule mkataba tuliusaini wote, na nakala haikubaki kwetu hata moja. Hatukurudishiwa kitu.

Ila tuligoma kupakia. Siku zile tulinywa maziwa, tuligawa, mengine tulimwaga huku tunalia. Mwishowe wakakubali vipimo vifanyike pale tunapopakia, keni zifungwe kwa lakiri yenye namba, na lakiri ikikatika njiani hasara iwe ya msafirishaji. Bei bado ni mbaya, sitawadanganya. Lakini makato ya maji yamekwisha, na yule shoga yangu alikuja nyumbani akaniomba radhi.

Zizi la Juu
Na yule mzee wa "mwenye kisima"?

Mama Mapacha
Yule bado.

Kata Majani
Mimi nakwenda kesho kuomba nakala ya mkataba wetu. Sijawahi kuuona tangu niliposaini.

Ndama Jike
Na mimi. Mama Mapacha, laktomita inasomwaje? Nataka tuanze nayo kwenye njia yetu.

Fundi Majokofu
Koroga maziwa taratibu, ngoja povu litulie, mimina kwenye silinda ndefu, iache ielee bila kugusa ukuta. Pima na joto la maziwa pia, maana laktomita imetengenezwa kwa joto maalumu, mara nyingi nyuzi 20, na maziwa ya moto yanasomeka mepesi kuliko yalivyo. Ukisoma 30, maana yake ni 1.030. Na msiitegemee peke yake: mtu akitoa malai kisha akatia maji, inaweza kusoma kama kawaida. Wekeni na kipimo cha mafuta.

Sileji
Hicho cha mafuta mnakipata wapi?