Barua pepe moja, saa mbili: 16:40 Dar es Salaam, 17:40 Dubai

Mzabuni wa Ilala:
Heshima kwenu, wakuu. Tulituma nyaraka za zabuni kwa barua pepe kutoka Dar es Salaam kwenda kampuni moja iliyoko Dubai, na mwisho wa kupokea ulikuwa saa 11:00 jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Kwenye kompyuta yetu barua inaonyesha 16:40, lakini wao wametuletea nakala iliyochapishwa inayosomeka 17:40, na kwa sababu hiyo wanadai tumechelewa. Je, ni saa ipi inayopaswa kuhesabiwa?

Fundi Seva:
Ndugu, saa zote mbili ni sahihi, kwa kuwa ni dakika ileile iliyosomwa mahali pawili. Barua inapotumwa, programu huandika kwenye kichwa chake mstari wa tarehe wenye saa ya mtumaji pamoja na tofauti yake na saa ya kimataifa, UTC. Kwa Tanzania mstari huo huishia na +0300, yaani saa tatu mbele ya UTC. Programu ya mpokeaji huigeuza saa hiyo ilingane na ukanda wa saa uliowekwa kwenye kompyuta ya anayesoma, na kwa kuwa Dubai hutumia +0400, 16:40 yenu huonekana kwao kuwa 17:40. Kinachosikitisha ni kwamba mara nyingi karatasi iliyochapishwa huiacha hiyo +0400, hivyo msomaji hajui saa anayoiona ni ya wapi. Fungueni chanzo cha barua, yaani maandishi yake kamili pamoja na kichwa (kwa programu ya barua pepe ya Thunderbird, bonyezeni Ctrl+U), mjionee.

Bahari77:
Naongeza tahadhari moja. Mstari wa tarehe huandikwa upande wa mtumaji, na wapo watu ambao kompyuta zao zimebaki na ukanda wa California, nao wakasogeza saa kwa mkono badala ya kubadili ukanda. Kwenye skrini husomeka 16:40 bila tatizo, ila barua ikitumwa mwezi Januari hutoka na 16:40 -0800, na aliyeko Dubai huiona kuwa ya saa 04:40 ya siku inayofuata. Kwa mgogoro kama wenu, ushahidi wenye nguvu zaidi ni mistari inayoanza na Received, ambayo kila seva (kompyuta inayopokea na kupitisha barua) huiongeza juu ya ile iliyotangulia barua inapopita. Nakala yenu ya barua zilizotumwa haiwezi kuwa na mstari wa seva yao; waombeni wawatumie barua hiyo kama faili iliyoambatishwa, kwa maana ikielekezwa kwa njia ya kawaida mistari hiyo hupotea.

Mzabuni wa Ilala:
Nawashukuru sana. Faili wameileta, na mstari wa seva yao unasomeka 13:40:15 +0000, ambayo ukijumlisha saa tatu ni 16:40:15 kwetu. Tumewaandikia tukiwaonyesha mstari huo, na tumewaomba matangazo yao yajayo yataje tofauti na UTC kando ya saa ya mwisho.